Krimu ya chini ya macho imeniumbua: naacha au naendelea?

FundiWaNgamiani

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, ila msinicheke.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, nina miaka 36. Kuanzia Shaabani mpaka Idi mafundi hatulali, mnajua wenyewe. Mwaka huu nikajitazama kwenye kioo cha wateja nikaona chini ya macho peusi kama pamevilia damu. Mteja mmoja akaniuliza kabisa mbele ya watu, "Shemeji kakufanya nini tena?" Iliniuma, maana mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono.

Nikaenda duka la vipodozi, dada wa pale akanipa kityubu kidogo, sh 3,500. "Hii ni ya macho, wiki mbili tu utarudi kunishukuru." Na kweli nilirudi. Siku ya kumi pakawa peupe na laini, nikamnunulia hadi soda. Nikaendelea kupaka asubuhi na usiku, hii sasa ni wiki ya saba.

Ngozi imekuwa chifoni. Naona mishipa kwa ndani. Pembeni ya macho kuna vipele vidogo vyekundu, na nikikata kitunguu natamani kulia kwa sauti. Nikipaka krimu panatulia, nisipopaka panawaka. Juzi nilijikaza siku tatu bila kupaka, ya tatu nikaamka jicho la kushoto limebaki ufa tu. Nikarudia kupaka.

Shoga yangu anasema nipake limau na asali. Jirani anasema manjano na maziwa. Mume anasema niache vyote nilale.

MzeeWaKahawa

Mumeo kasema kweli. Na ukisikia mtu anakwambia uweke tango machoni, tango ni la kachumbari.

DukaLaDawaMoro

Dada, kabla ya yote geuza hiyo tyubu au boksi lake usome maandishi madogo ya nyuma. Picha ya mbele ya msichana mweupe achana nayo. Tafuta maneno clobetasol, betamethasone au hydroquinone. Kisha rudi uniambie.

Na limau hapana! Maji ya limau au ndimu yakikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani, ngozi inaungua, inaweza kutoa malengelenge, na inabaki nyeusi kuliko ulivyoanza nayo.

FundiWaNgamiani

Nimesoma kwa tochi ya simu. Imeandikwa clobetasol propionate 0.05%. Hayo mengine hayapo. Ndiyo nini?

DukaLaDawaMoro

Nilihofia hivyo. Hiyo ni dawa ya hospitali, tena ya kundi la steroidi kali kabisa, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho. Daktari huiandika kwa siku chache, kwa ngozi ngumu kama ya viganja na nyayo ikiwa na ugonjwa. Ngozi ya kope ina unene wa nusu milimita hivi, ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Wewe umeipaka hapo mara mbili kwa siku kwa wiki saba.

Ule weupe wa siku ya kumi ulitokana na mishipa ya damu kubanwa na ngozi kuzuiwa kutengeneza rangi yake. Baadaye dawa inaila ngozi yenyewe, inakonda, mishipa inaonekana. Ngozi ikishaizoea, ukiinyima inavimba kwa hasira, na ukiirudishia inatulia. Ndiyo maana unadhani krimu inakusaidia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jicho lenyewe. Steroidi ya kwenye kope inapenya mpaka ndani, na ikitumika muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Presha ya macho huwa haiumi, unakuja kujua umeshapoteza sehemu ya kuona. Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali, waambie wakupime presha ya macho, na daktari wa ngozi akupangie namna ya kuiacha. Beba hiyo tyubu, usione aibu. Kwa sasa osha kwa maji matupu, usisugue, usiku paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili. Hakuna wanja, hakuna kope za kubandika.

Dada wa dukani huenda hata yeye hajui anachouza. Steroidi, zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lile Shirika la Viwango, ukiweza wapelekee taarifa. Mimi kaunta hii nakutana na kesi kama yako kila mara, na karibu wote wananunua kwenye rafu moja na poda.

MamaSwafaa

Mwanangu, salamu kutoka Mombasa. Mie nilipaka piko kwenye nyusi harusi ya kifungua mimba wangu. Hina halisi haitoi weusi ule, piko ni dawa ya kutia nywele rangi, nami nilijua, ila nilitaka nipendeze. Asubuhi ya nikahi macho yalikuwa yamejifunga yote mawili. Mwanangu akaolewa mie nasikia kwa masikio tu.

Nimekuja kuuliza jambo moja ambalo hawajakuuliza. Ule weusi wa mwanzo, kabla hujaijua krimu, macho yalikuwa yakikuwasha?

FundiWaNgamiani

Mama, umeniotea. Yananiwasha miaka. Zaidi nikifungua gora jipya la khanga au vitenge, ile harufu yake na kivumbi cheupe kinachoruka ukikata. Nafikicha kwa mgongo wa mkono kutwa nzima, sijawahi hata kuhesabu. Nikisafiri kwenda Lushoto kwa mama, siku nne tano yanaacha.

DukaLaDawaMoro

Basi Mama Swafaa ndiye daktari, mimi nauza panadol tu. Vitambaa vipya huwa na dawa za kuvikaza, na kuna watu zinawakataa. Ngozi ya kiganja chako inavumilia, ya kope haivumilii. Na kwa ngozi zetu nyeusi, kufikicha kila siku peke yake kunatosha kuacha weusi. Hata rangi ya kucha hufanya hivyo, kucha zenyewe ziko salama, kumbe kope ndizo zinaumwa kwa kuguswa.

FundiWaNgamiani

Wakuu nimerudi, wiki ya sita leo.

Nilikwenda hospitali ya Bombo. Macho walipima kwa kimashine kinachokupulizia upepo ghafla, nikaruka kwenye kiti kama mtoto, nesi akacheka. Presha iko sawa, alhamdulillahi, ila nirudi baada ya miezi mitatu. Daktari wa ngozi aliitazama tyubu, akaiweka mezani, hakuniuliza kwa nini. Akanipa krimu hafifu ya siku chache ya kunishusha, kisha basi, na vidonge vya antibiotiki, doxycycline, baada ya kuhakikisha sina mimba.

Wiki mbili za mwanzo sitaki kuzikumbuka. Nilishona nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, watoto wa mtaani wakaniita Stevie Wonder. Wiki ya nne vipele vikaanza kukauka. Chifoni sasa imekuwa pamba nyepesi, mishipa naiona nikisogelea kioo tu.

Vitambaa vipya naviloweka usiku na kuvianika kabla ya kukata. Wateja wengine wanalalamika khanga imepoteza ukakamavu wake, nawaambia wakashone kwingine. Macho yanawasha kidogo sana.

Weusi umebaki, si kama ule wa mwanzo. Daktari alinivuta ngozi ya chini kwa kidole, akasema sehemu ni rangi ya kufikicha, itapungua polepole, na sehemu ni umbo tu la mfupa linaloweka kivuli. Nikakumbuka picha ya marehemu baba ukutani kwa mama kule Lushoto. Kivuli kile kile.

MamaSwafaa

Mashaallah. Na yule mteja wa "shemeji kakufanya nini"?

FundiWaNgamiani

Nguo yake iko tayari tangu Idi. Hajaja kuichukua, ana deni.

Mrembo_Kahama

Samahani jamani, mimi mgeni hapa. Hicho kityubu cha siku kumi kinaitwaje, na huku Kahama naweza kukipata?