Safari ya Bibi kwenda Marseille: gumzo la ukoo

Seif: Asalaam alaykum jamaa zangu wote. Karavani, ile nyumba yetu ya kuvutwa na gari, nimeshaitoa kwenye turubai, breki na tairi nimezikagua, sasa tuizungumze safari ya mama kutoka huku Uingereza kwenda Marseille, Ufaransa, kumwona mdogo wake. Nataka tulimalize hapa hapa kwenye grupu kila mtu asome, maana simu za mmoja mmoja zinatuchanganya, huyu kaambiwa Agosti huyu kaambiwa Septemba

Rukia: Waalaykum salaam kaka. Mie nasema Agosti, skuli zimefungwa, watoto wapate bahari ya joto na bibi yao wawe naye

Nassor: Shkamoo mjomba. Na mie naunga mkono Agosti. Tena tukiwa madereva wawili tunapokezana, tunatoka Calais alfajiri usiku tupo Marseille, kilomita elfu na kitu tu

Seif: Marahaba Nassor. Nisikilize vizuri mwanangu. Kilomita elfu na kitu kwa gari tupu ni sawa, lakini sisi tunavuta karavani na ndani ya gari tuna mtu wa miaka 74 mwenye magoti na presha. Gari na karavani pamoja zinapita tani 3.5, kwa hiyo motawei za Ufaransa mwisho wetu kilomita 90 kwa saa, na hata ingeruhusiwa zaidi mie nisingekwenda zaidi. Halafu kila baada ya saa mbili lazima bibi yako ashuke anyooshe miguu. Hebu piga hesabu hapo

Nassor: Nimekuelewa mjomba

Seif: Na Rukia, Agosti tatizo si joto tu. Wafaransa nusu wanachukua likizo Julai nusu Agosti, sasa ile wikiendi ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti wote wamo barabarani kwa pamoja, hawa wanarudi wale wanakwenda. Serikali yao ina kalenda inaitwa Bison Futé inapaka siku rangi, kijani shwari, kisha chungwa, nyekundu, halafu nyeusi. Jumamosi za wakati huo ndo zinakuwa nyeusi, na barabara inayoumia kuliko zote ni ile A7 ya kutoka Lyon kuteremka na mto Rhône, ambayo ndo njia yetu. Mama akae juani kwenye foleni kwa saa tano? Siwezi kumfanyia hivyo

Rukia: Basi Septemba, lakini watoto mie siwezi kuwatoa skuli, nitapigwa faini

Seif: Ndo nikawaza hivi. Mie na mama na Mwana tutoke na karavani Jumatatu ya kwanza ya Julai, mwendo wa pole, siku kama sita hivi njiani. Wewe na watoto skuli zikifungwa mje kwa treni, Eurostar mpaka Paris, mnashuka Gare du Nord mnachukua treni ya mjini RER D vituo viwili mpo Gare de Lyon, hapo treni ya kasi kwenda Marseille, mwendo wa saa tatu na kidogo. Mtatukuta tumeshatandika. Kurudi mnarudi kwa treni, sisi tunarudi polepole Agosti katikati, tunatoka Jumanne

Rukia: Hiyo imekaa vizuri kaka. Na mie sitolala kwenye karavani na watoto watatu, tutabuku kile kibanda cha mbao pale pale kempu mtakapoegesha karavani

Mwana: Baba shkamoo. Nipo na bibi hapa nimemsomea yote. Anasema kwanza kwa nini asipande ndege watu wanamuuliza, basi jibu lake ni kuwa masikio yanamuuma siku nne akishuka, na pili anataka awe na kitanda chake na choo chake na jiko lake, asiwe mzigo kwa mdogo wake

Bi Hadija Marseille: Asalaam alaykum wanangu. Mwambieni dada yangu hajawa mzigo hata siku moja. Tumeachana Zanzibar 1964 mie mtoto mdogo nimeshikwa mkono na baba tunapanda meli kurudi Ngazija, yeye kabaki kwa shangazi. Tumezungumza kwenye simu miaka yote hii lakini kumshika mkono bado. Mje hata kwa miguu

Seif: Waalaykum salaam mama mdogo, shkamoo. Tunakuja inshaallah

Rukia: 😭 basi kaka tusicheleweshe. Viza vipi?

Seif: Hapo ndo pa kushughulikia kabla ya yote. Sisi wenye pasi ya Uingereza hatuna viza, tuna siku 90 ndani ya kila siku 180, safari yetu wiki sita haina shida. Mama bado ana pasi ya Tanzania, kwa hiyo yeye anataka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, na tunaiomba kwa Wafaransa kwa sababu usiku wote tunalala Ufaransa. Ada euro 90. Maombi yanafunguliwa miezi sita kabla ya safari, sasa tupo Januari, kwa hiyo nikipata nafasi ya miadi mapema naichukua, watu wanasubiri mpaka Mei halafu nafasi zimejaa. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000 ya matibabu, na ya mama nataka tuitaje presha yake wazi wazi hata ikizidi bei, maana bima uliyoificha maradhi siku ya shida haikujui

Bi Hadija Marseille: Mie niende meri, ofisi ya mji, nikachukue ile karatasi ya kumkaribisha?

Seif: Mama mdogo, karatasi ya meri ni kama angelala kwako. Wao wanataka kujua kila usiku analala wapi, sasa tukiandika tunalala kempu tunaonyesha buku za kempu. Lakini kama unamtaka alale kwako

Bi Hadija Marseille: Namtaka alale kwangu wiki moja. Kitanda nimeshanunua

Seif: Basi kaichukue mama mdogo, tunaweka vyote viwili, tarehe zisigongane

Rukia: Na pasi yangu mie ipo mpaka Novemba

Seif: Imetolewa lini?

Rukia: Aprili 2016

Seif: Hiyo haifai dada. Siku ya kuingia Ulaya pasi iwe haijatimiza miaka 10 tangu kutolewa, na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Ile miezi iliyobaki kwenye pasi ya zamani waliyokuongezea, Ulaya hawaihesabu. Omba mpya wiki hii hii, na za watoto ziangalie pia, za watoto zinakufa baada ya miaka mitano

Rukia: Ya Rabbi, afadhali nimeuliza. Kesho naipeleka

Nassor: Mjomba kuvuka tunapita feri au ile treni ya chini ya bahari? Treni ni dakika 35 tu

Mwana: Bibi anasema yeye kavuka Pemba kwa jahazi na kusi linavuma, hatopita chini ya bahari kama panya buku, anataka aione

Seif: Feri basi, Dover Calais saa moja na nusu. Nitawaambia wakati wa kubuku kuwa tuna mzee wa magoti ili gari watupange karibu na lifti, maana kwenye feri huruhusiwi kubaki ndani ya gari. Polisi wa Ufaransa wanakaa Dover hapo hapo, kwa hiyo ukaguzi tunaumaliza kabla ya kupanda. Kuna ule mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025, picha ya uso na alama za vidole kwa mara ya kwanza, tufike mapema tusiwe na haraka

Nassor: Na mie nataka kuja kusaidia kuendesha

Seif: Nataka uje kweli. Leseni yako ya gari ndogo inatosha, tangu Desemba 2021 mtihani wa kuvuta tela umeondolewa. Lakini kutofanya mtihani si kujua. Machi na Aprili kila Jumapili njoo tukafanye mazoezi kwenye kiwanja, hasa kurudi nyuma. Na ukumbuke moja hata ukiamshwa usingizini: karavani ikianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, iache ipoe wenyewe

Nassor: Inayumba kwa sababu gani mjomba?

Seif: Spidi, upepo, na upakiaji mbaya. Vizito vyote chini, katikati, juu ya ekseli. Ukijaza nyuma itayumba kama dau lililopakiwa tezi tupu. Na Bonde la Rhône lina upepo wake unaitwa mistral, unatoka kaskazini unavuma siku kadhaa mfululizo. Ukivuma sana hatuendi, tunakaa kempu tunakunywa chai

Mwana: Baba, bibi ameshaanza kuandika vya kupakia. Mchele gunia moja, samli, sambusa za nyama za kugandisha, mbuzi ya nazi, nazi kumi, masufuria mawili makubwa, tende, bizari

Seif: Mwambie pole pole. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ulaya, kwa hiyo samli na sambusa zibaki. Nazi na tende ruksa, mbuzi ya nazi ruksa, mchele kilo tano basi

Mwana: Amenuna kuhusu samli

Bi Hadija Marseille: Dada samli ipo huku, na nyama ya halali soko la Noailles imejaa, Wangazija wa Marseille tumeshakuwa mji mzima hapa. Na mchele msibebe, Camargue karibu na Arles wanalima mpunga wao wenyewe, na kule kuna flamingo kwa maelfu. Nitakupeleka uone mpunga na bahari pamoja kama kwetu

Mwana: Amefurahi sasa. Anasema mchele aondoe lakini nazi haondoi

Seif: Alhamdulillah. Njia basi niiseme. Calais mpaka Reims kama kilomita 270, hiyo ndo siku ndefu kuliko zote. Kisha Langres, mji uko juu ya kilima una ukuta wa zamani na kempu ipo pale pale ukutani. Kisha Mâcon. Siku ya Lyon tunatoka mapema na tunazunguka mashariki kwa A46, hatuingii lile handaki la Fourvière katikati ya mji na karavani, hapana. Tunalala Montélimar, hapo wanatengeneza nougat ya asali na lozi, mama ataipenda anapenda halua. Halafu La Ciotat, baharini

Rukia: Mbona si Marseille yenyewe?

Seif: Karavani mjini Marseille ni mateso, vichochoro na vilima. La Ciotat ina kempu, ina treni ya kwenda Marseille, na Mediterania ipo mbele ya mlango. Tozo za barabara sisi ni daraja la 2 kwa sababu karavani inapita mita 2 kwenda juu. Na kibanda cha tozo kipo kushoto, dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo anayekaa kushoto ndo mlipaji, au ninunue kile kidude cha kubandika kiooni kinafungua wenyewe

Nassor: Mishkaki vipi sasa, nibebe jiko la mkaa?

Seif: Mkaa usibebe. Kiangazi kule kusini misitu inawaka, kempu nyingi zimepiga marufuku moto wa mkaa, na hata njia za Calanques, yale majabali ya pwani, wanazifunga siku za hatari. Tutachoma kwa gesi. Na mtungi nanunua Campingaz, ile unabadilisha nchi nyingi za Ulaya, huu wetu wa nyumbani ukiisha kule hakuna wa kukubadilishia

Rukia: Mwana, mwambie mama na rais kuka ya umeme, ile ya kupikia wali, aje nayo?

Seif: Aje nayo, lakini kempu nyingine zinakupa umeme wa amp 6 tu. Birika la umeme peke yake linakula kama 9, hilo libaki nyumbani. Vingine kimoja kimoja, hita imezimwa

Mwana: Bibi anauliza sala

Seif: Tutakuwa wasafiri, tutakusuru na kujumuisha. Julai kaskazini Isha inaingia karibu saa sita usiku, asikeshe, ajumuishe na Magharibi alale. Tukifika kusini jua linazama mapema zaidi

Bi Hadija Marseille: Dada nikupikie nini siku ya kwanza?

Mwana: Anasema mataba, ile ya samaki. Na anasema usikate mti wa kisamvu wote, uache ajionee

Bi Hadija Marseille: Mti wa muhogo Marseille haukui mama yangu 😂 majani tunanunua ya barafu. Lakini mataba itakuwepo

Seif: Haya. Rukia pasi kesho. Nassor Jumapili ya kwanza ya Machi saa nne asubuhi usichelewe. Mama mdogo karatasi ya meri. Mwana nipigie picha ukurasa wa kwanza wa pasi ya bibi yako, pembe zote nne zionekane, niko mbele ya fomu sasa hivi

Mwana: Anaitafuta, ipo kwenye kasha chini ya kanga