Tupeane uzoefu: Chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 kwa vyakula vya huku kwetu ziwani

Ng'wanakwimba

Habari za leo wadau. Uzi huu ni wa akina mama, akina baba, wahudumu wa afya na yeyote anayelisha mtoto aliyetimiza miezi 6. Tuandike yanayofanyika jikoni Mwanza mjini, Magu, Sengerema na visiwa vya Ziwa Victoria, na tuandike kwa vipimo. Ukisema "mpe uji wa lishe", tuambie uji wa nini, vijiko vingapi, na mtu akikosea inakuwaje.

Naanza na unga wenyewe. Sokoni utauziwa unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa humohumo. Wingi wa majina haumwongezei mtoto kitu. Mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele wote ni kundi moja la chakula, kwa hiyo ukiviweka vyote bado hujatoka kwenye nafaka. Halafu mchanganyiko huo una kasoro zake. Soya haiivi kwa muda mmoja na mchele. Karanga na dagaa wana mafuta, ndiyo maana unga ukikaa wiki chache unaanza kunuka. Na mtoto akiharisha au akitoka vipele, huwezi kujua kipi kimemkataa.

Chukua nafaka moja, zikizidi mbili. Ongeza jamii ya kunde moja. Vikombe 4 vya nafaka kwa kikombe 1 cha soya au kunde vinatosha. Karanga, dagaa na mafuta viingie sufuriani siku ya kupika, visikae kwenye unga.

JikoIgoma

Umenena, Ng'wanakwimba. Niongezee hapo kwenye soya, maana ndipo wengi wanapoharibu. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuvunja protini. Ukiisaga mbichi na uji wenyewe ukachemka dakika tano tu, mtoto anajaa gesi, anaharisha, na ile protini uliyoitafuta inapita bure. Chemsha maji kwanza, yakitokota ndipo umimine soya, iendelee kuchemka dakika 20 hadi 30. Mwaga maji hayo, isugue kwa mikono kwenye maji baridi hadi maganda yatoke, ianike ikauke kabisa, kisha ikaange kidogo bila mafuta. Hapo ipeleke mashineni.

La pili ni uzito wa uji. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 anabeba mililita 240 hivi kwa mlo mmoja, basi. Uji mwepesi una gramu 5 hadi 10 tu za unga katika kila gramu 100, kilichobaki ni maji. Mtoto anashiba, analala, na uzito hauongezeki. Kipimo ni kijiko: uji ukikimbia kama chai, rudisha jikoni. Unaofaa unatulia kwenye kijiko na kudondoka polepole.

Shida ni kwamba uji mzito mtoto mdogo anaushindwa kumeza. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, tandaza kwenye gunia safi lililolowana, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hadi tatu vichipukizi vimetoka. Kabla havijawa virefu anika juani, ukikauka fikicha, pepeta vichipukizi vyote vitoke, saga. Napendelea ulezi kuliko mtama kwa kazi hii kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi, na asiyejua kuvipepeta vizuri atamletea mtoto madhara.

Matumizi: pika uji mzito sana, karibu na ugali laini. Epua, acha upoe kidogo hadi uache kutoa mapovu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga. Ndani ya dakika tano hadi kumi utaona uji unalegea wenyewe bila tone la maji. Ukishalegea rudisha motoni uchemke dakika chache, maana kimea hukaa na unyevu siku nyingi na vijidudu hupenda hapo. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kinaungua nguvu yake na hakuna kitakacholegea. Watu wengi hukiacha kwa sababu hiyo, wakidhani hakifanyi kazi.

Kayenze Pwani

Dagaa. Hapa ndipo sisi wa ziwani tunapopaswa kuwashinda wengine wote, na bado watoto wetu wana upungufu wa damu. Dagaa mzima anatoa protini, madini ya chuma, zinki, vitamini B12, na kalsiamu kutoka kwenye mifupa ambayo kwa samaki mkubwa tunaitupa.

Ununuzi: dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa kambi nyingi hupumzika, kwa hiyo nunua siku za giza zinapoanza, soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza wanakuwa wengi na wapya. Chukua waliokaushwa kwenye vichanja vya nyavu. Walioanikwa chini wanabeba mchanga na kinyesi cha ndege, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Angalia rangi: mzuri anang'aa kama fedha na tumbo lake halijapasuka. Aliyegeuka njano au wekundu mafuta yake yameshaharibika, hata ukimkaanga vipi ataacha ukali kooni. Msimu wa mvua kuwa mkali zaidi, kwa sababu wananyeshewa kabla hawajakauka, wanaanza kuoza, kisha wanakaushwa upya.

Kuosha: tumia maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana. Koroga, acha mchanga utulie chini, kisha watoe dagaa kwa kuwachota kwa mikono. Ukimwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, mchanga unarudi juu yao. Rudia hadi ukipapasa kitako cha beseni husikii chembe. Ondoa vichwa, waanike tena au wakaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo hadi ukimvunja mmoja anatoa mlio. Twanga, chekecha kwa chekecheo la unga. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko na utengeneze wa wiki mbili tu, usizidishe.

Kijiko kimoja cha chai kwa mlo kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8, viwili akishavuka mwaka. Tia dakika za mwisho za kupika. Kwa anayelalamikia harufu, kamulia ndimu baada ya kuepua, harufu inapungua na chuma kinafyonzwa vizuri zaidi.

Bibi Sengerema

Wanangu, na supu ya samaki je? Huku tunawapa watoto supu ya sato tangu enzi, mama akisema mtoto hana meno.

Kayenze Pwani

Shikamoo bibi. Supu ina ladha na chumvi, ila protini na chuma vingi vimebaki kwenye nyama. Usiache kuipika, ila mtoto apewe nyama yenyewe: ichambue kwa vidole, siyo kwa kijiko, maana kidole ndicho kinachousikia mwiba. Iponde kwenye viazi au ugali laini, na supu itumike kulainishia. Kutokuwa na meno siyo kikwazo, fizi zinasaga.

Hata mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, yanafaa kwa asiyeweza kununua sangara mzima. Nyama ya mashavuni na nyuma ya kichwa ni laini na haina miba mingi. Tafuta mapanki mabichi uchemshe mwenyewe. Yaliyokaangwa barabarani mara nyingi yamepita kwenye mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa meusi, na hayo simshauri mtu ampe mtoto.

Misungwi Shambani

Niingie na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Mbegu kama Ejumula na Kabode zinajulikana sana kanda hii. Kiazi kimoja cha wastani, kama gramu 125, kinatosha mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo. Vichemshe na maganda yake, sufuria imefunikwa, menya baada ya kuiva. Ponda na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti au karanga zilizosagwa, kwa sababu vitamini A bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri.

Wasukuma wenzangu tunaopenda michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa: jua kali linaunguza hiyo rangi, na rangi ndiyo vitamini yenyewe. Viazi lishe vikatwe vyembamba na vikaushwe kivulini penye upepo. Vikipauka, vimebaki wanga. Hivyo hivyo kwa majani ya kunde na mgagani tunaoanika kwa ajili ya kiangazi.

Karanga nazo zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupwe, hata kuku asipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa hiyo tusiione ni hadithi ya mbali.

Muuguzi wa Nansio

Asanteni, mmefanya kazi yangu kuwa nyepesi. Viwango vya kulisha: akianza miezi 6, vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara tatu au nne. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu hadi kikombe kizima, pamoja na asusa moja au mbili kama ndizi, papai au parachichi. Maziwa ya mama yanaendelea hadi miaka 2 na zaidi. Asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja. Chai msimpe kabisa, inazuia chuma, na hapo ndipo ninapogombana na mabibi wengi wanaomchovyea mjukuu mkate.

Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ili kugundua utapiamlo, kwa walio na miezi 6 hadi 59: sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, msianze majaribio ya uji nyumbani. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili pia, hata kama mkono unasoma kijani.

Na jambo la ziwani kwetu: mtoto anayeogeshwa ziwani anaweza kupata kichocho, kinamla damu, na dagaa wote wa Mwaloni hawatafidia. Maji ya ziwa yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kumwogesha, au yachemshwe. Siku za matone ya vitamini A mpelekeni, hata kama anakula viazi lishe.

Ng'wanakwimba

Kuna aliyeniuliza pembeni pa kusomea haya kwa undani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wana shahada ya lishe ya binadamu, na msingi wake ni baiolojia na kemia, kwa hiyo mwenye kijana wa sekondari ampe moyo kwenye masomo hayo. Kwa asiyekwenda chuo, kila halmashauri ina afisa lishe, muulizeni.

JikoIgoma

Limebaki la muhogo, maana nyumba nyingi za visiwani uji ni wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Muhogo mchungu usiokaa vya kutosha kwenye maji au kwenye lundo una sianidi, na Tarime walishapata mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, miaka ya 1980. Ukiwa na shaka na unga, ulowanishe kwa maji hadi uwe tope, tandaza mwembamba kwenye ungo, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu inatoka kama hewa, kisha pika siku hiyohiyo. Na muhogo karibu hauna protini, kwa hiyo kijiko cha unga wa dagaa hapo ni lazima. Protini ya samaki ndiyo inayousaidia mwili kuondoa sianidi iliyobaki.