Mwajiri kaniandika mara mbili kwenye P10, KRA wananidai: nimsubiri, nilipe au nipinge?

Msafiri_Mtwapa
Wakuu, naomba ushauri. Mshahara wangu ni 90,000 kwa mwezi. Ritani ya kodi nilijaza kwa P9 (fomu ya mshahara na makato ya mwaka mzima) niliyopewa kazini, na nikamaliza kabla ya Juni 30. Sasa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wananiambia mapato niliyotangaza hayalingani na yale ya mwajiri. Nimekaa na mhasibu wetu tukafungua P10 ya Desemba, ile orodha ya mishahara na kodi ambayo mwajiri huipeleka KRA kila mwezi: niko mistari miwili, PIN ileile ya kodi, 90,000 juu na 90,000 chini, na ule wa chini hauna PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) hata shilingi. Yaani kwao nimelipwa miezi 13! Wanataka 27,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Njia naziona tatu: ningoje mwajiri arekebishe P10, nirekebishe ritani yangu nilipe yaishe, au niweke pingamizi. Mngefanya lipi?

Karani_Thika
Lipa yaishe. Hesabu nauli, ruhusa za kazini na usingizi utakaopoteza. Tena ukitafuta kazi mpya na deni linaonekana kwenye iTax, mtandao wa KRA, cheti cha kutii kodi kitakusumbua. Mwajiri utamdai baadaye.

MamaZuu
Karani, amdai kwa msingi gani? Akirekebisha ritani atakuwa ametangaza yeye mwenyewe kwamba huo mshahara wa 13 aliupokea. Mwajiri atamwonyesha ritani hiyohiyo amwambie "si ulikubali?" Na ule mstari wa pili hautoki kwenye P10 kwa sababu wewe umelipa. Ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 nayo inahesabiwa kwa mshahara ghafi, kwa hiyo kesho utaulizwa na hiyo.

WakiliJioni
Kabla ya kuchagua, soma tena kichwa cha hiyo barua. Ikiwa wanaomba maelezo tu, jibu ndani ya muda waliokupa na uambatishe nyaraka; pingamizi bado halijafika wakati wake. Ikiwa ni notisi ya tathmini ya kodi, una siku 30 tangu uarifiwe, kwa kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Kodi. Kumngoja mwajiri hakusimamishi siku hizo. Watu huumia hapo: HR anasema "wiki ijayo", wiki ijayo mhasibu yuko likizo, mara siku 30 zimekwisha na sasa unaomba kuongezewa muda kwa kueleza ulikuwa mgonjwa au nje ya nchi.

Hoja ya Karani kuhusu cheti ina uzito, siikatai. Lakini pingamizi halikulazimishi kulipa zaidi ya kodi usiyoibishia, na yako ilishakatwa kwenye mshahara. KRA wana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Wakikataa, una siku 30 za kwenda kwenye jopo la rufaa za kodi.

bongo_hesabu
Wakenya mna nafuu kwenye kupinga. Huku kwetu Tanzania mwenye mshahara tu kwa kawaida hasumbuki na ritani, mwajiri anamaliza kila kitu. Ila ukitaka kupinga makadirio ya TRA, ndani ya siku 30 hizohizo unatanguliza kodi usiyobishania au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa, labda Kamishna akupunguzie.

Msafiri_Mtwapa
Ni notisi ya tathmini. Imekuja juzi. Na HR ameshaanza kuzunguka, eti kurekebisha P10 kutaleta wakaguzi ofisini.

WakiliJioni
Basi pinga sasa hivi kupitia iTax, marekebisho ya P10 yakukute njiani. Ukiweza kuyapata yote mawili, KRA hawana cha kulinganisha tena.

Ushahidi wako mkubwa ni taarifa ya benki ya Desemba na Januari, inayoonyesha mshahara uliingia mara moja. Weka na pesilipu ya Desemba, P9 na chapa ya ile mistari miwili. Barua ya mwajiri iwe na nembo, muhuri, PIN yako na jumla ya mwaka kwa tarakimu: 1,080,000, si 1,170,000. Nimeona barua za "kulikuwa na hitilafu ndogo ya kimtambo", ambazo hazimsaidii mtu. Aandike ni mstari upi umerudiwa, wa mwezi gani.

Ndani ya pingamizi usiandike tu "sikubali". Taja kiasi unachotaka kiondolewe na sababu yake, la sivyo wanaweza kukurudishia kwamba si halali.

Karani_Thika
Mimi kwa 27,000 bado ningelipa.

MamaZuu
Ni pesa zako, Karani. Msafiri, mhasibu akizidi kusitasita mweleze hivi kwa upole: P10 inayoonyesha mshahara wa 90,000 bila PAYE inamshtaki yeye kabla yako, maana PAYE isiyokatwa hudaiwa mwajiri. Akiisikia hiyo, barua utaipata kabla ya saa nane.