Naombeni ushauri: wasifu wa guka wa kusomwa Jumamosi

Mjukuu_Umoja: Wadau, hamjambo. Guka wetu, yaani babu, alituacha wiki iliyopita akiwa na miaka 101. Tunamzika Jumamosi kijijini, Murang'a. Mimi ndiye nimepewa kuandika wasifu na kuusoma, na tangu Jumapili usingizi sina. Alienda Burma 1944 na Keya, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akarudi 1946, akawa mkulima wa kahawa, baba wa watoto tisa na mzee wa kanisa. Kijitabu kinachapishwa River Road, kurasa nne tu. Nianze na vita au na familia?

MamaWawili: Pole sana dada. Familia. Babangu alipofariki walisoma vyeo vyake mpaka jua likatuchoma. Mamangu hakutajwa hata mara moja, na alikuwa amekaa pale mbele na leso mkononi. Mpaka leo inatuuma. Shosho, bibi yenu, mtaje kwa jina kamili.

Kijana_wa_Jogoo: Vita kwanza! Miaka yote nakula nyama Soko la Burma hapa Nairobi bila kujiuliza hilo jina. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mvua ikinyesha, malaria na matope, mpaka mto Chindwin pale Kalewa. Begani walivaa kichwa cha kifaru. Guka alikuwa nacho?

Mjukuu_Umoja: Sijakiona. Iko nyota ya rangi ya shaba ndani ya kopo la majani chai: utepe mwekundu katikati, buluu kando, na mstari wa machungwa ndani ya buluu. Kila Krismasi aliitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Vitani alisimulia ruba tu. Unavua kiatu jioni, soksi imelowa damu, na hukuhisi kitu.

Mwalimu_Mstaafu: Pole mwanangu. Umetoka 1946 ukaingia kwenye kahawa moja kwa moja. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952, na wewe unazungumzia Murang'a. Miaka ile guka alikuwa wapi?

MamaWawili: Mwalimu, mwache mtoto aomboleze.

Mjukuu_Umoja: Sikutaka kuliandika hapa. Alikuwa ngati. Homugadi, mlinzi wa upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Alilinda kituo, kile cha handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Jirani atakayeongoza maombi, babake alifungwa Manyani, kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau, na watu husema guka ndiye aliyemwonyesha kidole. Lakini familia imekubaliana tuliache, na nimeshalipia nakala 200. Tena guka huyo huyo alimlipia karo mtoto wa jirani. Hilo mbona halisemwi?

Kagua_Kwanza: Ngojeni kidogo. Miaka 101, Burma, homugadi, na sasa karo? Hadithi hii imepangwa vizuri mno. Hebu geuza hiyo nyota. Medali ya askari huwa na jina lake. Kama iko tupu, imetoka kwa mitumba ya Gikomba.

Mjukuu_Umoja: Iko tupu. Sijui kwa nini.

Kagua_Kwanza: Si nilisema?

Mwalimu_Mstaafu: Nyota za Vita vya Pili Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina. Mwombe radhi, yuko matangani.

Kagua_Kwanza: Samahani dada. Nimewahi kuchangia mazishi ya mtu aliye hai, ndiyo maana.

Mwana_wa_Othaya: Babu yangu pia alikuwa Manyani. Ningekuwa kwenye hema hilo Jumamosi, nisingetaka guka wako atukanwe, wala nisingetaka maelezo marefu. Ningetaka kusikia tu: alikuwa homugadi. Ukiruka miaka ile, nitaijaza mwenyewe nikiwa nimekaa pale, na nitaijaza vibaya kuliko ilivyokuwa. Na karo usiitaje. Aliyesomeshwa ndiye wa kuisema, akitaka.

Kijana_wa_Jogoo: Hapo kwa karo umenishika.

MamaWawili: Shosho je? Kuna aliyemuuliza?

Mjukuu_Umoja: Hakuna. Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama jirani amepata wa kumleta, kwa sababu magoti yake ni mabaya. Nikamwambia nitamtuma binamu na gari. Akasema, "Mwambie aende mapema."

Kesho asubuhi nashuka River Road kabla hawajabana kurasa. Ukurasa wa tatu una picha kubwa ya guka na ng'ombe wake. Itabidi ipunguzwe.