Riwaya mbili za Baba Yaga: nimnunulie binti yangu ipi?

Mama Nasra: Wanajukwaa, salaam. Mdogo wangu anarudi kutoka London mwisho wa mwezi, na kwa kuwa mizigo yake imeshajaa amekubali kunibebea kitabu kimoja tu. Nimebakiwa na viwili: *The House with Chicken Legs* cha Sophie Anderson (2018) na *Egg & Spoon* cha Gregory Maguire (2014). Vyote vimetokana na ngano za Kirusi za Baba Yaga, yule bibi kizee wa msituni ambaye nyumba yake husimama juu ya miguu ya kuku. Nichukue kipi?

Mwalimu Chande: Dada, hujatuambia mtoto ana umri gani, Kiingereza chake kikoje, wala kama atasoma mwenyewe au atasomewa, bila hayo tutakuwa tunapiga ramli. Kitabu cha Maguire ni kinene sana, msimulizi wake ni mtawa aliyefungwa mnarani na mfalme wa Urusi, na mizaha ya Baba Yaga mle ndani huifurahia zaidi mtu mzima. Kisa cha Elena, msichana wa kijiji chenye njaa, kubadilishana maisha na Ekaterina, binti wa kitajiri aliyemo ndani ya treni, ni kizuri mno, lakini kinahitaji msomaji mwenye subira.

Salma wa Mvita: Chukua cha Anderson bila kusitasita. Marinka, msichana wa miaka 12, anaishi na bibi yake ambaye kila usiku huwapikia wafu, huwasikiliza wakisimulia maisha yao, kisha huwasindikiza langoni waende zao. Nyumba yenyewe huamka ikaondoka bila taarifa, na mtoto wa watu hajapata hata rafiki mmoja aliye hai. Binti yangu alikisoma mara mbili.

Kheri: Mimi sioni sababu ya kununua riwaya wakati ngano yenyewe ipo. Mnunulie ngano ya Vasilisa, msichana anayetumwa kwa Baba Yaga kuomba moto, kama ilivyoandikwa na Afanasyev, aliyechapisha ngano za Kirusi kati ya 1855 na 1863, tena toleo lenye picha za Bilibin, mchoraji wa Kirusi. Humo mna ua wa mifupa ya watu wenye mafuvu yanayowaka macho, mwanasesere aliyeachwa na marehemu mama, na wapanda farasi watatu, mweupe, mwekundu na mweusi, ambao ni mchana, jua na usiku. Riwaya za siku hizi zimemlainisha Baba Yaga hadi amekuwa bibi wa kawaida.

Bi Rukia: Ndugu Kheri, ushauri wako ni mzuri, ila tahadhari na toleo. Kwa kuwa ngano hizo hazina tena haki miliki, yeyote anaweza kuzichapa, na muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia nakala yenye jalada la kupendeza ambayo ndani yake ilikuwa balaa. Namba za kurasa zilikuwa zimeingia katikati ya sentensi, herufi zimemezwa, na yule mpanda farasi mweusi amekuwa doa tupu la wino. Nilipodai fedha zangu niliambiwa kwamba karatasi ya nje imeshachanwa, kwa hiyo kitabu hakirudishwi, na barua zangu zilizofuata hazikujibiwa kabisa. Mwombe mdogo wako aingie dukani, akifungue kitabu na kukikagua kabla ya kulipa.

Mwalimu Chande: Naomba kumpinga Kheri kidogo. Baba Yaga hakulainishwa jana. Katika ngano hiyo hiyo ya Vasilisa anatishia kumla msichana, lakini mwisho wake ndiye anayempa fuvu lenye moto ambalo linamwunguza mama wa kambo hadi majivu. Katika ngano nyingine humpa mgeni farasi na kumwelekeza njia.

Kheri: Anayekupa moto baada ya kukutisha kwamba atakula nyama yako hajawa mwema, Mwalimu. Ana masharti tu, na ndiyo maana watoto humwogopa kwa namna wasivyomwogopa zimwi wetu, ambaye hana analolitaka ila tumbo lake.

Mama Nasra: Nawashukuru nyote. Mtoto ana miaka 9, husoma mwenyewe, na mwaka jana alifiwa na bibi aliyemlea.

Salma wa Mvita: Pole sana, dada. Hili ungelitanguliza. Bibi yake Marinka naye hulipita lile lango asirudi, na sehemu hiyo ni nzito.

Mwalimu Chande: Salma, umeshatufichulia kisa! Hata hivyo, kwa mtoto aliyefiwa huenda sehemu hiyo ndiyo itakayomfaa, mradi mama yake akisome kwanza.

Kheri: Vasilisa pia ni yatima, na mwanasesere wake humshauri kila anapompa chakula. Mimi sijabadili kauli.

Mama Nasra: Mdogo wangu anauliza kama vipo vya jalada laini, maana begi limebakiza nafasi ndogo. Bi Rukia, unajua toleo la Vasilisa lenye picha safi ni la mchapishaji gani?