Mada: Kranberi na fizi zinazotoka damu

Kutoka: Mama Zawadi, Lowell

Hamjambo ndugu zangu. Kila nikipiga mswaki natema damu, na bima ya kazini haigusi meno. Mwenzangu wa zamu ya usiku kaniambia ninywe juisi ya kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, ati ni dawa ya fizi. Nimeshamaliza chupa mbili. Ni kweli, au natupa pesa?

Kutoka: Bakari, Worcester

Shikamoo dada. Niko kliniki ya meno, haya nayasikia kila wiki. Mwenzio hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Kranberi ina kemikali za asili ziitwazo proanthosianidini, na maabarani imeonekana kwamba zinazuia bakteria kunata kwenye jino. Kuna mmoja, Streptococcus mutans: anakula sukari, anatengeneza gundi, wenzake wanajazana hapo. Huo ndio mwanzo wa ukoga. Lakini maabara wanatumia kiini kilichochujwa, si glasi inayopita mdomoni na kwenda zake.

Hebu geuza chupa usome nyuma. Ikiwa ni kokteli, yaani juisi iliyochanganywa na maji na sukari, mara nyingi juisi yenyewe ni 27% tu. Glasi moja ina sukari gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai! Bakteria yuleyule unamwandalia pilau. Kranberi zilizokaushwa nazo huwa zimepakwa sukari. Juisi isiyotiwa sukari ni kali kuliko ukwaju, asidi yake inalainisha jino. Ukiinywa sukutua kwa maji, ngoja nusu saa ndipo upige mswaki.

Damu mara nyingi ni ukoga uliokaa hadi ukawa jiwe, na jiwe halitoki kwa juisi, linakwanguliwa. Hapa kwetu Massachusetts, mjini Boston kuna vyuo vikuu vinavyofundisha madaktari wa meno. Wanafunzi wanakusafisha chini ya mwalimu, kwa bei nafuu. Utakaa kwenye kiti muda mrefu, lakini wanakagua hadi jino la mwisho. Pia uliza vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kwanza kabla ya kuzoea juisi hii.

Kutoka: Mama Zawadi, Lowell

Marahaba mdogo wangu. Chupa ya tatu nimeigeuza sasa hivi: kokteli. Watoto wameiona, nimewaambia ni dawa ya mama. Kesho napiga simu Boston.

Kutoka: Babu Salim, Plymouth

Mwezi wa kumi njooni huku mtazame mashamba ya kranberi yakijazwa maji wakati wa mavuno, matunda yanaelea mekundu pande zote. Ya kutazama hayana sukari.