Naomba ushauri: wakwe wa Singida wanakuja Jumamosi, mlenda uwepo au usiwepo?

Mkazi wa Makole: Wanajukwaa, habari za jioni. Posa yangu imepokelewa, na sasa wazazi wa mchumba wanatoka Singida kuja kuona kwetu hapa Dodoma. Mama amekwisha kukausha mlenda na kuusaga, na anasisitiza kuwa mgeni asiyeonja mlenda kwa ugali wa uwele hajafika kwake. Mimi nina hofu. Je, niagize kuku na wali?

Alizeti ya Iramba: Ukimwekea mtu wa Singida kuku wa kisasa umejimaliza mwenyewe. Kuku wa kienyeji tunawapakia kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, na mafuta ya alizeti tunayatambua kwa harufu kabla sufuria haijafunuliwa.

Mzee wa Kongwa: Mwaka 1947 Waingereza waliingia hapa Kongwa na matrekta ili walime karanga, wakidhani ardhi yetu ni rahisi, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa kwa ukame na udongo mgumu kama saruji. Uwele wa bibi yangu uliendelea kuota. Mlenda uwekwe mezani.

Shangazi wa Chamwino: Mwanangu, mlenda haujapata kumfukuza mkwe. Unaogopa nini hasa?

Mkazi wa Makole: Shangazi, niseme tu. Wakwe wanadhani mimi ni Mrangi wa Kondoa, kumbe ni Mgogo, na naogopa mlenda utanifichua. Siku ya kwanza mzee, baba wa mchumba, alitania kwamba Mgogo akija kuposa akaguliwe kwanza kama hakuja na bakuli la kuombea, watu wakacheka, nami nikajikuta nimesema kwetu ni Kolo. Huo si uongo mkubwa, kwa sababu Kondoa imo mkoani Dodoma. Tena nimekwisha kumwomba rafiki yangu, Mrangi halisi, aje na mzazi wake akae kama baba yangu mdogo.

Fundi Bahi: Hadithi hii imetungwa. Singida na Kondoa zinapakana, na mzee wa Kinyaturu akisikia Kolo atauliza mara moja ni ukoo gani na nyumba ya nani. Ulijibu nini?

Mkazi wa Makole: Aliuliza, kaka. Nilimweleza habari za michoro ya miambani, ile iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa kuwa niliiona tukiwa kwenye ziara ya shule. Nilizungumza juu ya michoro hiyo mpaka chai ikapoa, na swali la ukoo likapita.

Fundi Bahi: Sasa nimeamini. Uongo wa kutunga ungekuwa na mpangilio kuliko huo.

Shangazi wa Chamwino: Kabila lililomzaa mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba, ala yetu ya muziki, hadi Ulaya, wewe unalificha kwa ajili ya mzaha wa sebuleni? Na mama yako atakaa wapi huyo baba mdogo wa kukodi akiongea? Akifungua mlango atasalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", kama anavyosema kila siku.

Mkazi wa Makole: Hilo la salamu sikuliwaza. Mama hajui lolote.

Alizeti ya Iramba: Mpigie mzee kabla hajapanda basi, mdogo wangu. Akishashuka stendi ya Nanenane umechelewa.

Mkazi wa Makole: Nitampigia leo usiku, na rafiki yangu nimemwambia asije. Ila mlenda utabaki chini ya kawa mpaka mzee mwenyewe aulize ni nini.